Kipimo Kimoja, Suruali Mbili

Nina vidole vinane vya miguu, na kila anayeniuliza viwili vimekwenda wapi namwambia akamuulize pacha wangu. Watu hudhani natania. Sitanii hata kidogo.

Mimi ni fundi wa nguo, mtoto wa fundi wa nguo. Chumba ninachoshonea ndicho alichoshonea baba yangu: dirisha moja la upande wa barabarani, meza ya kukatia katikati, na ukutani msumari mrefu wa kutundikia futikamba. Pacha wangu alikuwa msoma mita za maji. Mtaa mzima unamwita Mita na mimi unaniita Fundi, kwa sababu majina tuliyopewa na wazazi hayakutusaidia kitu. Hakuna aliyejua lipi ni la nani. Tulifanana kiasi kwamba mama yetu, ambaye hapendi kabisa kukumbushwa jambo hili, aliwahi kumwogesha mmoja wetu mara mbili na mwingine akalala na vumbi lake. Siku ya chanjo mmoja alidungwa, akarudishwa kwenye foleni, akadungwa tena. Naambiwa aliyedungwa mara mbili ni mimi. Bahati yangu ilianza mapema.

Baba naye alikuwa na utaratibu wake. Kupima watoto wawili wanaolingana aliona ni kupoteza wakati. Aliita mmoja tu, akampima kiuno, paja na urefu, kisha akakunja kitambaa na kukata suruali mbili kwa mpigo. Aliyepimwa siku zote ni Mita, maana yeye alijua kusimama akatulia. Mimi sikuwa natulia. Nilikuwa juu ya meza, chini ya meza, nje dirishani, na baba hakuwa na muda wa kunikimbiza. Kwenye daftari lake la vipimo kila mteja alikuwa na mstari wake, ila sisi tulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Mapacha". Na suruali zilitukaa sawasawa sote wawili, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa liko wapi.

Baba alishikwa na sukari sisi tukiwa na miaka thelathini. Ilimla polepole. Kwanza alishindwa kutunga uzi, tukawa tunamtungia sindano ishirini kila asubuhi kabla Mita hajaenda kazini, tunazichomeka kwenye mto wake mdogo zimfikishe jioni. Baadaye macho yalizima kabisa, zikafuata figo, kisha akaondoka yeye mwenyewe. Katika ugonjwa ule muuguzi wa kliniki alimwambia mama kwamba watoto wa mtu huyu wapimwe, kila mmoja, kila mwaka. Alisema kila mmoja. Mama aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasikia pia.

Mwaka ule tuliomzika baba, kazini kwa Mita walileta watu wa kupima wafanyakazi. Mchana alikuja chumbani kwangu na jasho lake na mfuko wake wa begani, akaweka karatasi juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Tuko salama," akasema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Sukari hakuna. Nikamwambia yule bwana nina pacha, akasema damu ni ile ile."

"Basi umeniokolea safari."

Nilicheka. Nikachukua pini nikaitundika karatasi ukutani, chini kidogo ya futikamba. Mama alipoiona alimshukuru Mungu kwa sauti. Sijui kama kweli yule bwana alisema vile au Mita aliyatunga njiani, na nimeshachoka kumuuliza. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja katika familia nzima aliyeona ajabu. Tulikuwa tumezoea. Mmoja akipimwa, wawili wamevaa.

Sasa nikueleze habari za kiti changu. Baba alishonea cherehani cha miguu, na hata alipozeeka mashavu ya miguu yake yalikuwa magumu kwa kukanyaga. Mimi nilifunga mota. Kazi ikaenda mbio na miguu ikapata likizo. Nilishona sare za shule, na sare huja zote kwa pamoja. Nilikaa kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, nikainuka kwenda chooni tu, na huko nako nilikwenda kwa kinyongo. Wateja wakifurahi waliniletea soda. Nilikunywa tatu au nne kwa siku, na chai ya vijiko vitano, mkate mweupe mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma kitambaa. Miaka hiyohiyo Mita alikuwa anatembea. Mlango kwa mlango, ngazi kwa ngazi, anafukuzwa na mbwa, anabishana na wapangaji, viatu vinamwishia kila baada ya miezi minne. Alikuwa mkavu kama rula ya mbao. Yule mtoto aliyejua kutulia sasa alikuwa anazunguka mji mzima, na yule asiyetulia alikuwa amegandishwa kwenye kiti.

Tumbo langu lilitangulia mbele. Suruali iliyokatwa kwa kipimo cha Mapacha haikunitosha tena, na mimi nikafanya nini? Mafundi huacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma. Nilifumua nikajiongezea kiuno kidogo, mwaka uliofuata nikaongeza tena, kimyakimya, bila kuandika popote. Daftari liliendelea kusema Mapacha, kiuno thelathini na mbili. Mimi, mtu wa kupima matumbo ya watu kutwa nzima, nililikimbia la kwangu. Hilo ni langu, simsingizii mtu.

Kiu ilipoanza, nilisema ni joto. Nilipokwenda haja ndogo kila saa, nilisema ni soda. Macho yakaanza kuona ukungu, nikasema ni kazi ya uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Mke wangu hakukubali.

"Nenda kapime," aliniambia.

"Nimeshapima."

"Lini?"

Nikamwonyesha karatasi ukutani.

"Hiyo ni ya shemeji."

"Ya shemeji ndiyo yangu."

Miaka minne nilimwonyesha mwanamke mwenye akili zake timamu damu ya mtu mwingine na kumwambia aache kunisumbua. Alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa, anaondoka. Nikimkumbuka alivyokuwa akiondoka pale mlangoni natamani kujizaba makofi.

Iliyonifichua ni pini. Ilidondoka chini ya cherehani, ikaingia kwenye kiatu changu, ikapenya katikati ya vidole, na mimi sikusikia kitu. Miguu yangu ilikuwa imeshakufa ganzi na sikuwa na habari. Siku tatu nilitembea na pini ndani ya nyama yangu, nikashona sketi kumi na tisa. Siku ya nne mwalimu mmoja wa kike alikuja kujaribu nguo yake, akakunja pua, akaniuliza kwa adabu kama kuna panya amefia chini ya meza. Tulitafuta panya mimi na yeye. Tulihamisha marobota, tukafagia, hatukuona panya. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kiatu changu.

Hospitali mashine yao ilisoma ishirini na sita. Daktari alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, akaniuliza ni lini nilipimwa mara ya mwisho. Nikaikumbuka karatasi ya Mita ukutani. Baada ya siku tano walivikata vidole viwili ili kuokoa mguu.

Nikiwa bado kitandani familia ilikuja kunitazama, wakanigombania kama nguo ya mtumba. Mama alikaa karibu na kichwa changu, na mke wa Mita akasimama upande wa miguu.

"Ni damu ya baba yao," mama alisema. "Hata angefanya nini ingempata tu. Imeandikwa."

"Damu gani, mama?" shemeji yangu akamjibu. "Mbona huyu wangu ni mzima? Si walilala tumbo moja? Ni kukaa na masoda, basi."

"Kwa hiyo mwanangu ni mlafi."

"Mimi nimesema anakaa."

Niliwasikiliza wote wawili na hasira ikanipanda mpaka nikahisi vidole ambavyo sikuwa navyo tena. Aliyesema ni damu alikuwa ananizika nikiwa hai. Kama yote yameandikwa, kliniki ni ya nini? Na aliyesema ni kukaa alikuwa ananitwika mzigo mzima peke yangu, kana kwamba wateja wote walioniletea soda, na mafundi wenzangu wote wenye viti na mota, nao wamekatwa vidole. Jirani yangu fundi viatu anakaa kuliko mimi na anakunywa soda kuliko mimi, na miguu yake iko kamili. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie ukweli wenye yote mawili. Hakuwepo.

Mita alikuwa anautazama mguu wangu uliofungwa bandeji, rangi imemtoka. Alipokuwa anaaga aliinama sikioni kwangu.

"Kama wewe unayo, na mimi ninayo."

"Nenda kapime," nikamwambia.

"Nitakwenda."

Nilimwamini. Kwa hili pia nina hasira na nafsi yangu.

Miezi miwili baadaye walimpandisha cheo. Akawa msimamizi wa wasoma mita. Wao wanatembea, yeye anawangoja ofisini kwenye kiti cha magurudumu. Asubuhi anabebwa na gari la kazini, jioni anarudishwa na gari la kazini. Mama alifurahi, akasema mwanawe mmoja angalau amepumzika. Kabla ya nusu mwaka kuisha, Mita aliniletea suruali zake za ofisini nimwongezee kiuno. Nikaongeza. Baada ya miezi mitatu akazirudisha, nikaongeza tena. Nilimuuliza kama amekwenda kupima akasema ndiyo, mambo yanakwenda. Nilikuwa na uchungu wa mguu wangu, sikumkazania.

Wakati huohuo vidonge vyangu vilianza kuisha kabla ya wakati. Nilipewa sitini kwa mwezi, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Siku ya ishirini na mbili kopo linalia tupu. Nilimlaumu mke wangu kwamba anavimwaga akifuta droo. Akanijibu kwamba ninakunywa, nasahau, nakunywa tena. Tukanuniana wiki nzima. Siku zilizobaki za mwezi nilikaa bila dawa, sukari ikapanda, kidonda kikaacha kufunga. Kliniki muuguzi mmoja mwenye miwani, mama mtu mzima asiyecheka na mtu, alinitazama mguu akasema, "Fundi, wewe unataka turudi kukata tena?" Nilitoka pale nimevimba kwa aibu.

Siku ya siku nilitoka uani kuanika kitambaa nilichokuwa nimekirowesha kabla ya kukikata. Mita alikuwa amepita kunywa chai akisubiri gari lake, kama kawaida yake ya kila asubuhi ya kazi. Nilipokuwa uani nikakumbuka vibanio, nikarudi. Nilimkuta amefungua droo ya cherehani, pale ninapoweka bobini na kopo la dawa. Kidonge kilikuwa ulimini kwake. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai, na chai yake ni ileile ya vijiko vitano.

Hakukimbia. Alimeza, akaweka kikombe.

"Ni wewe," nikasema.

"Kimoja tu. Asubuhi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu utoke hospitali."

"Kliniki wamekwambia unywe?"

Akalifunga kopo la dawa.

"Mita, umepimwa?"

"Nipime nini? Si umeshapimwa wewe? Wewe ukiwa nayo mimi ninayo, na dawa ni ileile. Nikaona tutagawana."

Nilikamata ukingo wa meza ya kukatia. Mkasi mkubwa wa baba ulikuwa karibu na mkono wangu na niliusogeza mbali kwa makusudi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ulipimwa wewe, nikawa mzima mimi. Nikakaa na uzima wako ukutani miaka minne mpaka nikaoza mguu. Sasa nimepimwa mimi, umekuwa mgonjwa wewe. Hivi lini katika nyumba hii kila mtu atakuwa na damu yake?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuisikia ile namba. Nilimwona baba. Nikakuona wewe. Nikasema nikinywa kimyakimya itapita bila kunitaja."

"Na chai ya vijiko vitano ni ya kuogopa pia?"

Akatazama kikombe kama hajui nani amekiweka pale. Nilikichukua nikakimwaga nje dirishani, na sijali kama kulikuwa na mtu anapita.

"Kidonda changu hakifungi," nikasema. "Kila mwezi nina siku nane bila dawa. Nimemnunia mke wangu bure. Wewe unakuja hapa, unaniuliza mguu unaendeleaje, umekunywa dawa ya mguu huohuo."

Mita alikaa kwenye kiti changu akafunika uso. Gari lake lilipiga honi mara tatu, likaondoka. Nilimwacha alie. Kisha nikafunga chumba, nikachukua fimbo yangu, nikampeleka kliniki, yeye mbele mimi nyuma, kama mwizi wa kuku.

Yule muuguzi mwenye miwani alitusikiliza mpaka mwisho. Alimgombeza Mita kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko ya juu. Alimwambia dawa ya mtu si pipi, na kwamba angeweza kuumia bila mtu kujua kimemuumiza nini. Kisha akakataa kumpima.

"Leo nikikupima nitakuwa napima dawa za ndugu yako," alisema. "Acha kunywa. Urudi baada ya wiki sita, asubuhi, hujala kitu."

Nilikuwa na maneno yangu kooni tangu siku ya kitandani, nikayatoa. Nikamuuliza: ni damu au ni kukaa? Anijibu moja, nikamwambie mama, nikamwambie na shemeji, watu wapumzike.

Muuguzi alivua miwani akaifuta.

"Moja halipo, Fundi. Nyinyi wawili mlizaliwa na udhaifu mmoja. Hamkuununua dukani, mliupata kwa baba yenu, na huenda na yeye kwa baba yake. Jirani yako anaweza kukaa na kunywa soda miaka thelathini akabaki mzima. Nyinyi hamna ruhusa hiyo. Huo ndio urithi wenu. Lakini udhaifu wenyewe bado si ugonjwa. Huyu alitembea, mwili wake ukabeba mzigo mdogo, ukaweza. Wewe ulikaa, ukaubebesha mzigo mkubwa, ukashindwa. Damu ni moja. Maisha hayakuwa mamoja."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Mimi sijasema kosa. Ungeambiwa mapema kwamba mwili wako hauwezi kubeba hivyo, ungejua la kufanya. Hukuambiwa, kwa sababu hukupimwa." Akavaa miwani, akalitazama tumbo la Mita. "Na huyu, tangu wampe kiti, yuko pale ulipokuwa wewe miaka minne iliyopita. Tofauti ni kwamba yeye nimemwona."

Sikulala vizuri wiki zile sita. Mita hakukanyaga chumbani kwangu, na mimi sikumwita. Mama alipeleka salamu huku na huku mpaka akachoka. Vidonge vyangu vilifika mwisho wa mwezi kama vilivyoandikwa, kidonda kikaanza kufunga pembeni, na kila nilipokibadilishia bandeji nilimlaani pacha wangu, kisha nikaomba namba yake isiwe kama yangu. Nilifanya yote mawili kwa mdomo mmoja.

Siku yenyewe ilipofika nilimkuta ameshafika kliniki, amekaa benchini, mikono katikati ya magoti. Aliponiona alisogea kunipa nafasi. Mashine ilisoma sita na nukta sita. Wakachukua na damu ya kwenda maabara, ile inayosema habari za miezi mitatu, nayo ikaja na jibu lilelile: sukari imepanda kuliko kawaida ila haijawa ugonjwa. Muuguzi alimwambia yuko mlangoni, hajaingia. Atembee kila siku, apunguze tumbo, aache sukari kwenye chai, arudi baada ya miezi mitatu. Wengi hurudi nyuma wakifanya hivyo, alisema, ingawa hakumwahidi kitu, na akamwambia urithi hautamwacha hata akikonda vipi. Atapimwa kila mwaka mpaka azeeke.

Watu husema nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, lakini hasira ilifika kwanza. Pale benchini nilimtazama anavyopumua kwa nafuu na nikamwonea wivu mpaka meno yakaniuma. Kwenye mlango huu na mimi niliwahi kusimama. Kulikuwa na mwaka mmoja, labda miwili, ambao mashine hii ingesoma sita na nukta sita kwangu, na mtu mwenye miwani angeniambia nitembee. Mwaka huo ulipita nimekaa kwenye kiti, nyuma yangu imetundikwa karatasi ya Mita.

"Nisamehe," alisema.

"Bado."

"Sawa."

"Ukikaa tena kwenye kile kiti mpaka ukaugua, sitakusamehe kabisa. Elewa hilo."

"Nimeelewa."

Kesho yake alikuja chumbani na suruali yake ya kahawia, ileile niliyoiongeza mara mbili. Ilikuwa haifungi tena. Nikaigeuza nikatazama mshono wa nyuma: kitambaa cha akiba kilikuwa kimebaki, upana wa kidole kimoja. Kingetosha. Nikaitundika kwenye msumari.

"Huongezi?" akauliza.

"Siongezi. Simama wima."

Nilivuta futikamba nikampima kiuno. Thelathini na tisa. Nikafungua daftari la baba, kwenye ukurasa ule wenye mstari wa Mapacha. Mwandiko wa baba ulikuwa bado mweusi. Sikuukata. Chini yake niliandika Mita, tarehe, thelathini na tisa, polepole, kana kwamba naandika jina la mtu aliyezaliwa asubuhi ile.

Akaichukua futikamba mkononi mwangu. "Na wewe simama."

"Hujui kupima."

"Nitajua."

Aliishika kinyume, akaanza kusoma kutoka mwisho, akasema kiuno changu ni ishirini na sita. Nilimwambia ningekuwa na kiuno hicho ningeolewa. Tulicheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na nikachukia kwamba nimecheka. Akaigeuza akapima upya: thelathini na nne, maana ugonjwa ulikuwa umenikausha. Nikauandika mstari wangu.

"Suruali nije lini?"

"Ikikutosha."

Aliacha gari la kazini asubuhi. Alipita mbele ya dirisha langu kwa miguu, kabla jua halijachoma, na viatu vyake vya zamani vya kusomea mita. Hakuingia kunywa chai. Aliinua mkono, nami nilitikisa kichwa bila kuacha kazi. Kuna wiki mbili mvua ilinyesha na hakupita, nikashona hovyo, nikafumua, nikashona tena, nikamtukana peke yangu. Mvua ilipokatika alipita. Mota niliing'oa siku moja kwa hasira, nikarudisha kanyagio la baba. Mguu mbovu unauma ukikanyaga, ila naambiwa kuuma ni habari njema kwenye mguu uliokuwa umekufa ganzi.

Miezi mitatu ilipotimia alitoka kliniki akaja moja kwa moja. Aliishusha suruali ya kahawia kwenye msumari, akaivaa nyuma ya pazia la wateja, akatoka. Ilifunga. Sikuwa nimeigusa. Nilivuta kiuno chake kwa vidole viwili nikaona kimelegea kidogo, basi nikachukua pini mbili kumbania.

Akatoa karatasi mfukoni akasogea ukutani. Ile ya zamani ilikuwa bado pale, imepauka. Niliiacha makusudi, ili kila nikiinua macho nikasirike.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Nataka uione tu. Tano na nukta nane."

"Nimeiona. Ni yako. Hapa haitundikwi."

Aliirudisha mfukoni bila ubishi. Kisha akaing'oa ile ya zamani, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko uleule. Akatazama droo ya cherehani, akanitazama mimi.

"Na wewe," akasema, "leo umepima?"

Mikono ilinisimama kwenye kitambaa. Nina miaka arobaini na mitatu. Katika miaka hiyo yote, mama, baba, yeye, hakuna mtu wa damu yangu aliyewahi kuniuliza swali hilo mimi kama mimi.

"Bado," nikasema.

Akafungua droo, akaliacha kopo la dawa lilipo, akatoa mashine yangu ndogo. Nilitoboa kidole, nikakamua tone. Tulingoja wote wawili, vichwa vimegusana kama tulipokuwa tunamtungia baba sindano. Ikasoma tisa.

"Iko juu," akasema.

"Iko juu. Ni yangu."

Sikumsamehe siku ile, na sijui kama nimeshamsamehe. Lakini alivuta daftari la vipimo karibu yake, akachukua kalamu, akateremsha kidole mpaka kwenye mstari wangu, si wake, akaandika tisa.